Namba Chini ya Rangi ya Kijani

Siku ya kuniaga, katibu wa hospitali alinikabidhi daftari jipya akaniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoshika nafasi yangu. Kurasa chache tu, alisema, za kuwatia moyo. Nimekaa na daftari hilo miezi minne hapa Kituntu, kati ya migomba na mibuni yangu, na moyo wangu mwenyewe haujatulia. Kwa hiyo nitaandika nikiwa na hasira, maana nikisubiri ipoe sitaandika kabisa. Anayetafuta shukrani akumbuke kwamba niliwashukuru wote siku ile, tena mkala na keki.

Vyeo sitavitaja. Nilipata vichache, na vyote vilikuja na kazi ileile.

Niliajiriwa kuwa mpiga chapa. Hospitali yetu ni ndogo, ya kanisa, upande wa Kyerwa, na wakati huo ilikuwa na taipureta mbili. Moja ilikuwa imekatika herufi M, na ndiyo niliyopewa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa barua ya kuomba magodoro na mashuka ya wodi ya wazazi. Nilichapa, kisha nikajaza kila M kwa kalamu, viatu vya kuazima vikinibana. Magodoro yalikuja. Mashuka sikuyaona mpaka nimezaa mtoto wangu wa pili.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mpiga chapa mwenzangu. Alikuwa mtunza stoo, Mzee Ishengoma, Mhaya wa Muleba, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka. Kila kitu cha hospitali kilipita mikononi mwake kabla hakijatumika, na kilitoka na namba ya rangi ya kijani. Benchi, ndoo, machela, mabeseni, ngazi, hata jiwe la kuzuia mlango wa maabara. Rangi ilikuwa ile ya mafuta iliyobaki kwenye kuta za wodi, na brashi yake ilikuwa unyoya wa kuku aliouchonga ncha kwa wembe. Akikukuta umebeba kiti hakuulizi unakipeleka wapi, anainama kusoma namba.

"Binti," aliniambia wiki ya kwanza, "siku ya uhakiki mimi sitaki hadithi. Nataka namba."

Nilimpenda mzee yule. Alinifundisha kutomwamini mtu anayesema "kipo tu hapo ndani", na kutosaini karatasi kabla ya kufungua boksi. Lakini kuna jambo moja hakunifundisha, nalo ni kutazama kwanza kitu kimeandikwa nini kabla sijaandika la kwangu juu yake. Yeye aliandika kwenye mbao na mabati, hakuhitaji kujua hilo. Hasira yangu kwake ni ndogo, ila ipo, na alishazikwa kwao Muleba.

Kompyuta zilipokuja nilipelekwa Mwanza kujifunza, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua kuchapa bila kutazama vidole. Nilirudi nikiitwa fundi. Ya kwanza kuifungua ilikuwa ya ofisi ya mapokezi, iliyokuwa ikizima kila saa sita mchana. Ndani nilikuta vumbi jekundu limeganda kwenye feni kama ugali uliobaki sufuriani, na mayai ya mende juu yake. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi mbili, brashi laini ya kupakia rangi, na pampu ya baiskeli ya kupulizia. Nawaambieni, pampu ile ilifanya kazi kubwa kuliko semina zote mlizonitumia. Msiitupe, ipo nyuma ya kabati.

Halafu wizi ukaanza. Hakuna aliyeiba kompyuta nzima, waliiba matumbo. Unakuta mashine iliyokuwa nyepesi jana leo inakokota miguu, ukiifungua, kijiti cha kumbukumbu, ile RAM, kimebadilishwa, kimewekwa chenye uwezo mdogo kuliko kile cha awali. Nikigombeza, kila mtu anaapa kwa jina la Mungu. Nikasema basi, nitafanya alivyofanya Mzee Ishengoma. Nilifungua kompyuta zote, moja baada ya nyingine, nikatia namba ya kijani kwenye kila kipande kilichomo ndani. Wizi uliisha mwezi huohuo. Mganga mkuu alinisifu mbele ya kikao, nami nikafurahi, nikatembea siku nzima kifua mbele.

Kumbukeni furaha hiyo mnaposoma yanayofuata.

Mashine ya eksirei ya kisasa ilifika miaka michache kabla sijastaafu. Haina filamu wala chumba cha giza. Picha inakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, na daktari anaitazama kwenye skrini kubwa inayoonyesha hadi ufa mwembamba wa mfupa. Skrini ya namna hiyo haiendeshwi na kompyuta peke yake. Ndani kuna kadi ya grafiksi, bamba zito lenye feni yake, na hiyo ndiyo inayotengeneza picha. Ikifa, eksirei itapiga kama kawaida, lakini hakuna jicho litakaloona kilichopigwa.

Vipande vya kompyuta ile viliunganishwa na kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotuuzia, sitaitaja jina. Walituma mtu, akafunga, akatuonyesha karatasi ya waranti ya miaka mitatu, akaondoka kabla ya chai. Karatasi ya kupokelea mzigo ilisema "kompyuta moja, skrini moja", basi. Namba hakuna. Niliisaini. Mzee Ishengoma angeichana.

Wiki iliyofuata nilifungua kompyuta ile, nikatia namba zetu. Kwenye ile kadi rangi iligoma kushika, maana mgongo wake ulikuwa chuma laini kinachoteleza. Ila palikuwa na stika nyeupe ya karatasi, pana kiasi, imekaa vizuri. Rangi ilishika pale mara ya kwanza. Niliandika namba ya hospitali kwa herufi nene, nikaipuliza ikauka, nikafunga.

Vijana, stika ile ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kadi. Ina namba mbili. Moja ni ya aina, nayo hufanana kwa kadi zote za toleo lile. Ya pili ni ya kadi yenyewe, haina pacha duniani, na mara nyingi hutanguliwa na herufi S na N, chini ya mistari myeusi inayosomwa na mashine. Kompyuta ikiwa hai inaweza kukutajia aina. Namba ya kadi yenyewe haiwezi kukutajia, si kwa kadi nilizozishika mimi. Na namba iliyobandikwa nje kwenye kasha la kompyuta ni ya kasha, msije mkamsomea mtu hiyo. Mimi niliisoma.

Kadi ilikufa Jumatatu. Deusi, mpiga picha wetu wa eksirei, alikuja ofisini bila kubisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mama Kemi, skrini imeleta mistari mistari, sasa imekuwa nyeusi tii."

Nilikwenda. Nilibadilisha waya, nikajaribu skrini nyingine, nikachomoa kadi nikaipuliza, nikairudisha. Nyeusi. Nilipotia kadi ndogo ya kompyuta ya uhasibu, mashine iliwaka, lakini picha ya mfupa ilionekana kama ukungu wa asubuhi. Kwa hiyo ilikuwa kadi, na si kitu kingine. Nikatoa karatasi ya waranti: zilibaki siku tisa. Nikashukuru Mungu, nikapiga simu Dar.

Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo mama. Naomba unisomee namba ya kadi."

Nikamsomea ya kasha.

"Hiyo ni ya kasha, mama yangu. Nataka ya kadi. Ipo kwenye stika. Au piga picha tu unitumie."

Nikageuza kadi. Nikaona namba yetu ya kijani, herufi nene, nzuri, imekaa juu ya kila kitu kilichoandikwa pale.

Sijui niwaelezeje. Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa nikiwa nimeipakata ile kadi. Deusi aliuliza kuna nini, nikamwambia hao watu wa Dar wanatuzungusha. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumatano aliletwa mtu wa Mabira, mfugaji, Karoli. Ng'ombe alimbana kwenye boma akamkanyaga juu ya kifundo cha mguu. Mguu ulivimba ukawa kama shina la mgomba. Alikuwa na mkewe, Jovina, mwanamke mrefu, Msabato wa kuongea taratibu. Daktari alisema mfupa umevunjika, ila hawezi kuupanga bila kuuona, na wakati huo katika hospitali ya Nyakahanga kulikuwa na mashine nzima, safari ya asubuhi moja. Akanigeukia mimi. "Mama Kemi, yetu itawaka lini? Kama ni muda, nimwandikie aende."

Jovina naye akanitazama, akaniita kwa heshima ya kwetu. "Waitu mama, hiyo mashine itapona?"

Nikasema, "Kesho kutwa."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshapanga kuisafisha ile stika, na niliamini namba zitatokea. Nilisema hivyo pia kwa sababu sikutaka kuulizwa kwa nini. Sababu zote mbili ni za kweli, na ya pili ndiyo iliyonisukuma zaidi. Daktari akafunga mguu kwa banzi, wakamlaza.

Alhamisi niliomba petroli kijiko kimoja kwa kijana wa bodaboda, nikachovya pamba. Pamba ya kwanza ilitoka ya kijani tupu, nikafurahi. Ya pili ilitoka ya kijani yenye weusi ndani yake, nikaelewa. Petroli haikujua ipi ni rangi yangu na upi ni wino wao. Ilipokauka, zilibaki tarakimu sita za mwanzo, na baada ya hapo karatasi tupu. Moja kati ya hizo sita sijui hadi leo kama ilikuwa nane au herufi B.

Nikapiga tena Dar. Nikasema namba imefifia. Nikasema boksi la kadi liko kwenu, kompyuta mliiunganisha wenyewe, someni namba kwenye boksi.

"Hatutunzi maboksi, mama yangu."

"Basi tazameni mliandika wapi mlipoiuza."

"Hapa mfumo unaonyesha kompyuta moja, skrini moja."

"Kadi imo ndani ya kompyuta yenu! Mliiweka nyinyi! Itakuwa nimeichimba kwenye shamba la kahawa?"

"Nakuelewa, mama. Ila bila namba siwezi kufungua dai. Na stika ikichezewa, waranti inakufa."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, kilikuwa cha Kinyambo na naamini hakukielewa. Kampuni ile nina hasira nayo mpaka leo. Muuzaji anayeuza kitu cha hospitali bila kuandika namba ya kilichomo, halafu anamdai mnunuzi namba hiyohiyo, huyo amejenga mlango usiofunguka ndani wala nje. Lakini niseme ukweli, hasira ile ilinifaa sana. Kila nilipoisema kwa sauti, watu waliitikia, na hakuna aliyeuliza habari ya rangi. Hata mganga mkuu alipiga meza. Hospitali nzima iliwachukia watu wa Dar, na mimi ndiye niliyekuwa nachochea moto.

Ijumaa Jovina alinikuta kwenye veranda. "Mama, ile kesho kutwa ni leo?"

Nilijua tayari. Kadi ile haitabadilishwa, namba haipo. Nikamwambia, "Wa Dar wanachelewesha. Labda Jumatatu."

Jumatatu aliniuliza tena. Nikamwambia Jumatano. Alisema "ego, mama", yaani ndiyo, akarudi wodini kumlisha mumewe. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Mimi ndiye mama wa mashine. Na daktari alikuwa akinisikiliza mimi vilevile.

Jumatano waranti iliisha. Siku moja baadaye niliingia kwa daktari nikasema haitawezekana, amwandikie yule mtu aende. Sikusema zaidi ya hapo. Karoli alipofika huko, walimpiga picha wakaona mfupa umeanza kushikana vibaya. Kuuvunja upya na kuutia vyuma kulihitaji kwenda mbali zaidi, na kukaa muda ambao ng'ombe wake hawangeweza kuungoja. Alirudi Mabira na mguu unaotazama pembeni. Kadi yetu mpya ilikuja baada ya miezi, kwa kuchangishana, na nilipoipokea nilipiga picha stika yake pande zote kabla hata sijaigusa kwa kitambaa. Namba nimeziandika mahali patatu, mtaziona.

Kisha nikaishi hivyo hadi siku ya kustaafu, na watu wakinisifu kwenye hotuba kwa kupambana na kampuni ya Dar.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda nikaenda Mabira. Sikuwa nimeombwa na mtu. Njia nilielekezwa na wachunga ng'ombe, ya mguu tu sehemu ya mwisho, na nikawakuta wote wawili nyumbani. Karoli alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo imelazwa kwenye mapaja, anatazama ndama malishoni. Jovina alinitambua mara moja.

"Shikamoo mama wa mashine! Karibu, waitu. Mashine ilipona?"

Nikasema ilipona. Akaniletea maziwa. Nilikunywa kidogo, nikaweka kikombe chini, nikawaeleza yote, taratibu, kwa Kinyambo, ili lisiwepo neno la kupotea njiani. Nikaeleza stika na rangi ya kijani, petroli, tarakimu sita. Nikaeleza kwamba kampuni ilikuwa na makosa yake, lakini namba ile niliifunika mimi, kisha nikaifuta mimi, kisha nikanyamaza.

Jovina alisikiliza mpaka mwisho. Habari za kadi hazikumshughulisha hata kidogo.

"Nilikuuliza mara ngapi?" akasema.

"Mara tatu."

"Ukijua?"

"Ya kwanza sikujua. Ya pili na ya tatu nilijua."

Karoli aliinua fimbo kutoka mapajani, akaishika, asisimame. Nilingoja anitukane. Ningefarijika.

"Siku ile ya kwanza," Jovina alisema, "gari lililotuleta lilikuwa bado pale nje. Dereva aliniita akauliza, nisubiri niwapeleke Nyakahanga, au nirudi? Nikamwambia rudi tu, baba. Mama wa mashine amesema kesho kutwa."